SOMO LA FAMILIA: Kuomba chuo kikuu kigumu mapema, au kungoja?

Masomo: Nehemia 2:1-9, Luka 14:28-30



Tangu matokeo ya S.6 yatoke, wazazi wenye watoto waliofanya vizuri katika PCM wananiuliza swali moja. Mtoto amepata alama za juu katika hesabu na fizikia. Amesikia habari za MIT, kile chuo kikubwa cha sayansi cha Marekani, na rafiki zake wamemwambia kwamba anayeomba mapema anapata kwa urahisi. Sasa anataka kuomba mapema. Mzazi hajui kama amkubalie, na hajui hata "mapema" hiyo ina maana gani. Mwezi huu tujifunze jambo hilo, sisi wazazi pamoja na vijana wetu, kwa sababu uamuzi huu hugusa pesa ya nyumba nzima na mwaka mzima wa maisha ya kijana.

Kwanza niseme kitu kidogo juu ya lugha. Kiswahili chetu kina neno moja, maombi, kwa mambo mawili: yale tunayopeleka kwa Mungu na yale tunayopeleka ofisini. Ndiyo maana wengine huyachanganya. Wapo wanaofunga siku tatu kwa ajili ya fomu ambayo hawajaisoma ukurasa wa pili. Nehemia alifunga na kuomba, lakini siku mfalme alipomwuliza anataka nini, alikuwa tayari na jibu. Alitaja muda wa safari yake. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti. Mtu huyu aliishi ugenini, katika mji wa Shushani, na alijua kwamba mtu wa ugenini hasafiri bila karatasi. Tangu mwezi wa Kisleu alipopata habari za Yerusalemu mpaka mwezi wa Nisani aliposema na mfalme, ilipita kama miezi minne. Hakuchelewa wala hakukurupuka. Alisema alipokuwa tayari.

CHUO CHENYEWE

MIT kilianzishwa mwaka 1861, na kiko mji wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts. Nimekichagua kuwa mfano wetu kwa sababu ndicho vijana wanachokitaja, na pia kwa sababu ni mmoja kati ya vyuo vichache vya Marekani ambavyo havitazami mfuko wa mzazi wakati wa kuchagua wanafunzi, hata wanafunzi wa nchi za nje. Wakishamchagua, ndipo wanapima familia inaweza kulipa nini, na upungufu wote chuo kinaufunika. Vyuo vingi vingine, mwanafunzi wa nje akiandika kwamba anahitaji msaada wa pesa, jambo hilo hupunguza nafasi yake ya kuchaguliwa. Kwa hiyo kijana wa makazi ya wakimbizi hafanyi ujinga kukitazama chuo hiki. Kwake ni chuo kigumu sana kuingia, lakini si chuo cha matajiri peke yao.

Wengine wanasema, "MIT wana programu ya wakimbizi." Ni kweli, mwaka 2017 walianzisha mpango uitwao ReACT wa kufundisha wakimbizi mambo ya kompyuta na data kwa njia ya intaneti. Ni mafunzo mazuri na yana cheti chake. Lakini cheti hicho si digrii, na hakimpi mtu kiti chuoni Cambridge. Anayetaka digrii hupita mlango uleule wanaopita wote.

"MAPEMA" ZA AINA TATU

Hapa ndipo vijana wengi hupotea. Vyuo vya Marekani vinatumia neno mapema, lakini masharti yake hayafanani.

Ipo mapema ya kujifunga. Ukiomba hivyo unaahidi kwa sahihi yako kwamba ukikubaliwa utakwenda hapo na kuondoa maombi mengine yote. Mkimbizi anayetegemea msaada wa pesa asiguse aina hii bila kushauriana na mtu anayeijua vizuri. Utajifunga kabla hujaweza kulinganisha chuo kimoja na kingine.

Ipo mapema yenye kizuizi. Hujafungwa kwenda, lakini unakatazwa kuomba mapema katika vyuo vingine binafsi vya Marekani. Caltech, chuo kingine maarufu cha sayansi kilichoko California, walianza utaratibu huu mwaka 2023.

Na ipo mapema iliyo huru, ambayo ndiyo ya MIT. Unaomba kufikia tarehe 1 Novemba, unapata jibu katikati ya Desemba, na ukikubaliwa una muda wa kufikiri mpaka tarehe 1 Mei. Zamani wanafunzi wa nchi za nje hawakuruhusiwa kuomba MIT mapema. Siku hizi wanaruhusiwa. Anayeomba wakati wa kawaida hupeleka mwanzoni mwa Januari na kujibiwa katikati ya Machi. Anayeomba mapema anaweza kukubaliwa, kukataliwa, au kuahirishwa, maana yake faili lake linasomwa tena pamoja na yale ya Januari.

Kwa hiyo mtoto akikuambia, "Baba, nikiomba mapema nimefungwa," au akisema, "Mama, sifungwi," mwulize ni chuo gani. Jibu linategemea chuo.

HESABU INAYODANGANYA

Sasa lile neno kwamba anayeomba mapema anapata kwa urahisi. Kwa darasa lililoingia MIT mwaka 2024, walioomba kwa jumla walizidi 28,000, na waliokubaliwa hawakufika 1,300. Kati ya walioomba, watu 12,563 waliomba mapema, na 661 wakakubaliwa mwezi wa Desemba. Ukipiga hesabu, mapema ni zaidi kidogo ya watu watano katika mia, na mwaka wote ni kama wanne na nusu katika mia. Kijana anaona tano ni kubwa kuliko nne na nusu, anakimbilia Novemba.

Lakini tazama ni nani wanaoomba Novemba. Wengi wao ni watoto wa shule ambazo zina mtu wa kazi hiyo tu, wamefanya mtihani wa SAT mara mbili, na insha zao zimesomwa na walimu watatu. Wamekubaliwa kwa sababu walikuwa tayari, na kwa sababu walikuwa tayari wakaomba mapema. Tarehe haikuwapa kitu. Chuo chenyewe kinasema hakitoi upendeleo kwa anayeomba mapema. Tena hesabu hizo zinachanganya Wamarekani na watu wa nje. Kwa wanafunzi wa nchi za nje peke yao, waliokubaliwa kwa mwaka mzima ni kama wawili katika mia. Hiyo ndiyo namba ya kijana wetu, na inafaa aijue kabla hajaanza, ili asije akasema kwamba alidanganywa.

FAIDA YA KWELI KWA MKIMBIZI

Basi kuomba mapema hakuna faida? Kwa mkimbizi ipo, na si ile inayosemwa. Faida ni miezi mitatu.

Anayejibiwa katikati ya Desemba ana miezi minane mpaka masomo yaanze mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Anayejibiwa katikati ya Machi ana mitano. Mtoto wa Kampala mwenye pasipoti mkononi haoni tofauti kubwa. Kwa mtoto wetu, miezi hiyo mitatu inaweza kuwa tofauti kati ya kusafiri na kubaki.

Kwanza ni hati ya kusafiria, ile inayotajwa katika Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa haki hiyo mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa. Angalia neno "aliyekwisha kutambuliwa." Ambaye bado ana karatasi ya mwomba hifadhi hana hati hiyo, na anapaswa kuanza kwanza na kesi yake. Maombi hupitia ofisi ya OPM, na hakuna anayeweza kukuahidi siku ya kuipata.

Kisha kuna majina. Wapendwa, jambo hili linatuumiza kila mwaka. Katika hati ya familia mtoto ameandikwa Byamungu, katika cheti cha S.4 ni Biamungu, na kwenye cheti alichotoka nacho Kongo majina yamegeuzwa, la mwisho likawa la kwanza. Tarehe ya kuzaliwa kwa OPM ni 1 Januari kwa sababu siku ya kuandikishwa hakuna aliyekumbuka, na shuleni ni tarehe nyingine. Mtihani wa SAT, chuo, na ubalozi, wote wanataka jina moja na tarehe moja. Kurekebisha kunachukua muda, na hakuna sababu ya kungoja jibu la chuo. Mzazi mwenye mtoto wa S.4 anaweza kuanza wiki hii.

Baada ya kukubaliwa, chuo humtumia mwanafunzi fomu ya I-20. Kwa fomu hiyo analipa ada ya SEVIS, ambayo mwaka 2019 iliwekwa dola 350, na ada ya viza, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa kuwa dola 185. Halafu anaitwa kwenye mahojiano ubalozini. Sheria ya Marekani humhesabu kila mwombaji wa viza ya masomo kuwa ni mtu anayetaka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba atarudi. Kwa mkimbizi swali hili linauma: arudi wapi? Jibu la kweli ni kwamba nchi iliyotoa hati ya kusafiria ya Mkataba inawajibika kumpokea tena mwenye hati muda wote inapokuwa hai. Ndiyo sababu hati hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kijana aseme ukweli, aonyeshe familia yake iko hapa, aeleze atafanya nini na elimu yake. Asitunge nyumba ya mjomba ambayo haipo.

Lazima pia niseme jambo lisilopendeza. Makazi yetu yana watu wa mataifa mengi, na Marekani hutazama uraia wa mtu, si nchi anakoishi kama mkimbizi. Juni 2025 rais wa Marekani alitoa tangazo lililozuia viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na kuzuia kabisa raia wa Somalia, Sudan na Eritrea, isipokuwa wachache. Desemba 2025 orodha iliongezwa, na Sudan Kusini ikaingia. Kongo ya Kinshasa haikuwa katika matangazo hayo mawili. Mambo ya namna hii hubadilika, kwa hiyo kila familia iulize upya kabla ya kutumia shilingi moja. Mtoto wa Kirundi mwenye akili nyingi asitumie mwaka wake wote kwenye mlango mmoja ambao serikali imeufunga, hata kama chuo kinamtaka.

Na familia ambazo kesi zao za kuhamishiwa Marekani zilisimama Januari 2025, mpango wote uliposimamishwa, zisimpeleke mtoto kwa viza ya masomo kabla ya kuwauliza UNHCR itafanya nini kwa faili la familia. Uliza, upewe jibu, uliandike.

NANI AOMBE NOVEMBA, NANI ANGOJE

Tuchukue vijana wawili.

Wa kwanza amemaliza S.6, matokeo anayo mkononi. Anaishi nyumbani, labda anafundisha watoto hesabu kwa malipo kidogo. Huyu, tangu Machi mpaka Novemba, ana zaidi ya miezi saba. Anaweza kujiandikisha kwa SAT ya Agosti au Oktoba. MIT walirudisha sharti la mtihani huo mwaka 2022, hakuna kuukwepa. Anaweza kurudi shuleni kwake kuomba barua kwa mwalimu wa hesabu au sayansi na barua nyingine kwa mwalimu wa masomo mengine kama historia au lugha, maana zinatakiwa zote mbili. Anaweza kuandika insha zake, azisome tena baada ya wiki mbili, azirekebishe. Kwake nasema: kama ikifika katikati ya Oktoba SAT imefanyika, barua zimeahidiwa, majina yanalingana, basi aombe mapema. Miezi mitatu ile ni mali yake.

Wa pili yuko S.6 sasa. Tazama kalenda yake. Mitihani ya UACE huwa inafanyika Novemba. Tarehe 1 Novemba, siku ambayo MIT wanafunga maombi ya mapema, ni wiki zilezile ambazo anapaswa kulala na vitabu vya fizikia. Mwalimu wake anayetakiwa kuandika barua anasahihisha mitihani na kuandaa maabara. Mtoto huyu akikimbilia Novemba atapeleka insha ya usiku mmoja, na UACE yake itaumia. UACE ndiyo inayofungua milango yote ya karibu. Siwezi kumshauri hivyo hata mmoja. Amalize mitihani, kisha achague: Januari, kama SAT aliifanya kabla ya mitihani au anaweza kuifanya Desemba, au Novemba ya mwaka unaofuata, akiwa na matokeo.

Mimi ningependa ile ya mwaka unaofuata. Lakini nisiseme kama mtu asiyejua maisha ya hapa. Mwaka wa kungoja hauko sawa kwa mvulana na kwa binti. Binti akikaa nyumbani mwaka mzima, maneno yanaanza: amemaliza shule, anangoja nini, fulani ameleta posa. Mvulana naye ataambiwa aende Kampala akatafute kazi ya ujenzi, na wengi hawarudi kwenye vitabu. Kama nyumbani kwenu mwaka wa kungoja utakuwa wa namna hiyo, afadhali Januari, hata faili likiwa na upungufu kidogo. Na kama mnakubali angoje, mkubaliane mbele yake, baba na mama wote wawili, kwamba mwaka huo ni wa shule, na shangazi na wajomba waambiwe hivyo.

Kuna na wa tatu, aliyekuja na Diploma ya Serikali ya Kongo. Vyeti vyake viko kwa Kifaransa na vinahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyo rasmi. SAT nayo ni ya Kiingereza. Kama amesoma Kiingereza miaka michache, inafaa afanye pia mtihani wa kuthibitisha lugha. MIT wanakubali ule wa Duolingo, unaofanyika kwa kompyuta bila kusafiri. Kwa kijana huyu Novemba ya mwaka huu mara nyingi ni karibu mno. Ajipe mwaka wa Kiingereza kwanza.

GHARAMA YA MNARA

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu. Basi tuketi.

Ada ya maombi ya MIT ni dola 75, na asiye na uwezo husamehewa akiomba. Usilipe kitu ambacho unaweza kusamehewa. SAT kwa mtu wa nje ya Marekani inazidi dola 100, na msamaha wa ada hiyo kwa kawaida ni kwa watu wa huko. Vituo vingi viko Kampala: nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala usiku wa kuamkia mtihani, chakula. Ongeza bando za kujifunzia. Mazoezi ya SAT yapo bure kwa Khan Academy, lakini bando si bure. Ongeza mtihani wa Kiingereza kama unahitajika. Fomu ya kuomba msaada wa pesa, ile iitwayo CSS Profile, ina maswali juu ya kipato, nyumba na magari ya wazazi. Jibu sifuri pale penye sifuri, na eleza kwa barua kwamba familia inaishi kwa msaada na bustani. Hakuna aibu katika hilo.

Tangu 2023, familia zilipogawanywa katika makundi ya msaada wa chakula, nyumba nyingi hapa zinakula kwa hesabu kali. Kwa hiyo naweka kipimo changu wazi, na mzee mwingine anaweza kuwa na chake: pesa ya mtihani isitoke katika mbegu za msimu wala katika karo ya wadogo zake. Mkiuza mbuzi mmoja kati ya watatu, ni neno la familia kukubaliana. Mkikopa kwa riba kwa ajili ya nafasi ya wawili katika mia, hapana.

Na jihadharini na madalali. Akitokea mtu, hata akiwa na Biblia mkononi, akasema kwamba anajua mtu MIT, au kwamba kwa shilingi milioni moja jina litaingia mapema, mwacheni. MIT haiuzi nafasi kwa mtu yeyote. Huduma za UNHCR ni bure. Na neno la siri la akaunti ya maombi likae kwa kijana mwenyewe.

MILANGO ILIYO KARIBU

Ripoti ya UNHCR ya 2023 ilisema wakimbizi walioko katika elimu ya juu ni kama 7 katika kila vijana 100, na lengo ni kufikia 15 ifikapo 2030. Wengi wa hao saba hawakwenda Marekani. Walisoma katika nchi walikokimbilia.

DAFI, ile inayobeba jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi, inasaidia tangu 1992 wakimbizi kusoma digrii katika nchi ya hifadhi. WUSC ya Kanada imekuwa ikipokea wanafunzi wakimbizi tangu 1978, na wanaochaguliwa huingia Kanada kama wakaaji wa kudumu, kwa hiyo lile swali la "utarudi wapi" kwao halipo. Kama mna kijana mmoja na nguvu za kutosha fomu moja tu, mimi ningeanza na hizo mbili kabla ya MIT. Matangazo yake hubandikwa kwa muda mfupi, na kila mwaka wapo wanaoyakosa kwa sababu walikuwa wanaandika insha ya Marekani. Na kutoka hapa Nakivale, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, ni safari ya asubuhi moja. Daktari na mhandisi waliotoka pale wanatibu na kujenga sawasawa na wengine.

Kuomba MIT mapema hakumzuii kijana kuomba hizi. Ndio uzuri wa ile mapema iliyo huru. Kinachomzuia ni saa za siku, na mzazi anaweza kumsaidia hapo: kumpunguzia safari za maji na kuni kwa wiki chache, kumpa taa.

JIBU LIKIJA

Likija "hapana," mwambie mtoto ile namba: katika wenzake mia wa nchi za nje, tisini na wanane wamesoma barua hiyohiyo. Wengi wao walikuwa wa kwanza katika shule zao. Usiseme mbele yake kwamba pesa ya nauli imepotea.

Likija "umeahirishwa," si hapana. Mwezi wa Februari kuna fomu ya kupeleka alama mpya na habari mpya. Aijaze vizuri, asiandike barua kumi za kusihi.

Likija "ndiyo," mshukuruni Mungu nyumbani. Ibada kubwa ya shukrani, pamoja na mchele na soda, naomba ingoje mpaka hati ya kusafiria na viza viwe mkononi. Tumeshaona vijana walioagwa kwa nyimbo wakabaki miezi mingi, wakaona haya hata kupita njiani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nehemia aliomba barua gani kabla ya safari? Sisi tunakosa karatasi zipi, na jina la mtoto limeandikwaje katika kila moja?
2. Mtoto wetu akingoja mwaka mmoja, atakuwa anafanya nini kila siku? Nani atamlinda na maneno ya watu?
3. Ni kiasi gani cha pesa tunaweza kutoa bila kuwaumiza wadogo?
4. Kama MIT ikisema hapana, fomu ipi nyingine itakuwa imeshapelekwa?

Vijana wa S.5 na S.6 wenye maswali juu ya tarehe na fomu waje Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, pamoja na nakala za vyeti vyao na hati ya familia. Wazazi waje nao.